Nikisema Bado, Kimbia

Mimi mpira ukinijia, nakwepa. Nilifundishwa na rede, uani kwetu Tanga: wasichana wawili wanaurusha mpira wa soksi huku na huku, na mimi katikati najaza mchanga kwenye chupa huku nikiwachungulia. Aliyeguswa alitoka. Mimi nilikuwa sitoki. Niliweza kuijaza chupa, nikaimwaga, nikaanza upya kwa maringo, mpaka wasichana wa mtaa wa pili wakawa hawataki kucheza kama nipo. Kwa hiyo nilipojikuta, na miaka yangu arobaini na tisa, nimesimama kwenye nyasi za bustani kusini mwa London, mkononi glavu ya ngozi kubwa kama mkate wa kumimina, na mtu mzima ananirushia mpira mgumu ili niudake, mwili ulifanya ulichokizoea.

"Mama, hiyo mpira ni yako!" Kocha akapiga kelele.

Nikamjibu kwamba ni huo mpira, si hiyo mpira. Kisha nikaukwepa na wa pili.

Timu yetu ya besiboli iliishi kiangazi kimoja tu. Ilizaliwa mwezi wa nne na ikafa wa nane. Haikuwa na klabu nyuma yake, wala mfadhili, wala uwanja wake. Ilikuwa na watu kumi na mmoja kwenye karatasi, marungu mawili ya kupigia, na Kocha. Ligi yenyewe ilikuwa ndogo, na sisi tulikuwa daraja la chini kabisa, pamoja na watu wazima wengine ambao Jumapili wangeweza kulala lakini hawakulala. Jina la timu silitaji. Watanzania tulitaka moja, Wakenya wakataka jingine, na lililoandikwa kwenye fomu halikumpendeza hata mmoja.

Kocha alikuwa Mkenya, dereva wa basi, mume wa mwenzangu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Ujanani alisoma Amerika, akatoka huko na digrii ambayo hajawahi kuitumia na mapenzi ya besiboli yaliyomsumbua kama jino. Siku moja alinikuta kwenye duka la Thornton Heath tunakonunua unga wa sembe na ndizi za kupika. Akaniambia wako saba, na ligi inataka tisa.

"Wewe si uko na binti?" akaniuliza. "Basi kujeni wawili. Na usiogope, mazoezi yote ni Kiswahili."

Hilo la mwisho ndilo lililoniingiza. Wala hayakuwa mapenzi ya michezo.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa chuo, mzaliwa wa hapa hapa London. Kiswahili anakisikia chote, hata kile ninachokisema kwa simu nikidhani mlango umefungwa. Ila kukisema, hakisemi. Namwambia neno kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, na tumeishi hivyo miaka yote bila kugombana. Lakini mwaka mmoja kabla ya timu nilimpeleka Tanga kwa mama yangu. Mama alikuwa amemngoja mjukuu wake mwezi mzima, ameshapaka chokaa hadi choo. Asubuhi ya kwanza akamwuliza, "Umekula, mjukuu wangu?"

Binti akajikaza, akajibu kwa Kiswahili. "Hapana."

"Umeoga?"

"Hapana."

"Umetoka kidogo ukaona mtaa?"

"Hapana."

Kila mtu aliyekulia Kiswahili anajua kosa liko wapi. Ukiulizwa kama umekula na hujala, unasema bado. Bado ni kwamba utakula, tena ukikaribishwa utakula sasa hivi. Hapana ni kwamba hukula na wala huna mpango. Mama akanifuata jikoni na kunong'ona, "Mwee, mtoto huyu kila kitu anakataa. Nimemkosea nini?" Na mimi, badala ya kuwaeleza wote wawili taratibu, nilicheka. Nikamwita binti yangu mbele ya shangazi zake na wajomba zake, nikamsahihisha kwa sauti, na ukumbi mzima ukacheka.

Tangu siku hiyo, simu ya Jumapili ya bibi yake ikawa ni "Shikamoo Bibi", halafu "Yeah, niko poa", halafu simu inarudishwa mkononi mwangu kama chungu cha moto. Mama alikuwa na miaka themanini na kitu, na presha. Akaanza kuniambia, "Mwanao kanisahau." Nilikuwa nabisha, lakini ningeonyesha nini? Nilitaka kitu kimoja tu duniani: wazungumze, wao wawili, bila mimi katikati, kabla mama hajaondoka.

Binti alikubali kuja mazoezini kwa sababu alitaka kunipiga picha nikianguka. Alikuja na simu mkononi, amejiandaa kwa kicheko. Nusu saa baadaye simu ilikuwa mfukoni na glavu mkononi, na mpira alioutupa ulipita kichwani pa kila mtu ukaishia kwenye uzio. Kocha alishika kiuno, akautazama mpira, akamtazama yeye. "Haiya," akasema.

Kwa asiyeujua mchezo, ni huu. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga kwa rungu, akishapiga anakimbia kuzunguka vituo vinne, na cha nne ni pale pale alipoanzia. Kinaitwa nyumbani. Ukirudi nyumbani salama, timu inapata alama moja. Unaweza kusimama kituoni ukapumua, lakini ukikutwa katikati ukaguswa na mpira, umetoka. Nilipoelezwa hivyo nikaona ni rede iliyokwenda shule. Kocha, kwa kuwa ni mtu wa mabasi, aliviita vituo hivyo steji, kama Wakenya wanavyoita. Steji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nilisisitiza kituo. Baada ya wiki mbili hata mimi nilikuwa nasema steji, na nilijisikia nikisema.

Timu nyingine huongea kwa mikono. Mtu wao anasimama karibu na kituo cha tatu, anagusa kofia, anagusa mkanda, anajikuna pua, na mkimbiaji anajua kama aende au akae. Sisi tulijaribu mechi ya kwanza. Kocha aligusa sikio kwa sababu lilimwasha, na watu wetu wawili wakakimbilia steji moja, wakagongana vifua. Tulipokaa chini, tumefungwa hata hatukumbuki ngapi, nesi mmoja wa timu akauliza kwa nini tunahangaika na masikio wakati tuna lugha.

"Si ni kweli," Kocha akasema. "Tuongee tu Kiswahili. Hawa watu hawatajua kitu."

Yakachaguliwa maneno manne. Nenda. Rudi. Lala, yaani jitupe chini ufike kwa tumbo. Na bado, yaani usiende kwanza. Kwa kuwa Kocha mwenyewe alikuwa miongoni mwa tisa na lazima apige na kukimbia, kazi ya kusimama steji ya tatu na kupiga kelele alipewa binti yangu, ila zamu yake ya kupiga ikifika, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameusoma mchezo wote kwenye simu kwa siku tatu na sauti alikuwa nayo.

Mechi ya pili, mkimbiaji wetu alikuwa anataka kuchomoka mapema. Binti akapiga kelele, "Wait!" Uwanja mzima ukasikia. Wapinzani wakageuka, wakamwona mtu wetu yuko nje ya kituo mguu mmoja hewani, wakamgusa. Nilijua kitakachofuata. Mimi ningekuwa Kocha ningemkaripia.

Kocha alimwendea polepole, akifuta jasho. "Usiwapatie siri zetu na Kizungu. Sema bado."

Binti akamwuliza kwa Kiingereza kwa nini isiwe ngoja, maana ngoja analijua.

"Ngoja ni mtu amesimama," Kocha akasema. "Bado ni mtu ako tayari."

"Yuko tayari," nikasema kutoka benchi. Ulimi ulitoka wenyewe.

"Ako, yuko, Mama, si ni mtu mmoja?" Kocha akanijibu, na wote wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka kuliko wote. Kisha akaendelea na Kiswahili chake kile kile kilichopinda, bila kupunguza sauti hata kidogo. Nikamwona binti yangu anamwangalia kwa makini sana.

Kwenye basi la kurudi alikaa upande wa dirisha. Halafu akaniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba Kocha anakosea siku nzima, na mimi namsahihisha siku nzima, na yeye wala haoni haya. Nikasema ndiyo, Wakenya ndivyo walivyo. Akasema hakuwa anamzungumzia Kocha.

"You laughed at me, Mum," akasema. "Mbele ya everyone."

Nilikuwa na majibu mengi, kama kawaida yangu. Ningeweza kusema nilimsahihisha kwa faida yake. Ningeweza kusema mimi mwenyewe nilifika nchi hii watu wakakicheka Kiingereza changu na sikufa. Lakini nilikumbuka kwamba alipokuwa na miaka minne au mitano alikuwa anasema, maneno yamepinda lakini yanatoka, na kila lililotoka nililikamata na kulinyoosha, tena mbele za watu, kwa fahari, kwa kuwa mimi ni mtu wa Tanga na Kiswahili ni chetu. Niliyakamata hata yakaacha kutoka. Niliona aibu, nikamwambia, "Samahani, mwanangu." Hatukuwa na desturi ya kuombana samahani nyumbani kwetu, kwa hiyo sote tukatazama nje.

Baada ya muda akauliza bado ni nini hasa. Nikamweleza. Nikamweleza na habari ya hapana. Akaweka paji la uso kwenye kioo cha basi.

"So Bibi alidhani mimi nakataa food yake?"

Ilitakiwa iwe "chakula chake". Nilimeza mate nikasema, "Ndiyo. Alidhani hivyo."

Hilo ndilo lilikuwa zoezi langu kiangazi kile, kunyamaza. Kudaka mpira nilishindwa, lakini kunyamaza nilijifunza, na kulinitoa jasho zaidi. Binti alianza na maneno yale manne. Halafu yakaongezeka, maana mchezo unadai. Pale! Kulia kwako! Yeye ameanguka! Mbili wamekuja! Nilikuwa nasimama huko mbali kwenye nyasi, walikoniweka ili nisidhuru mtu, nasikia "mbili wamekuja" na moyo wangu unafurahi na ulimi wangu unauma, vyote kwa pamoja. Lakini simu za Jumapili hazikubadilika. Uwanjani alikuwa simba, nyumbani simu ikilia anakwenda kuoga.

Mwezi wa saba tulicheza na timu iliyotoka upande wa Neasden. Tulikuwa tisa kamili, na hao tisa walipatikana kwa kubembelezana, maana kila mtu wetu anafanya kazi za zamu na zamu hazijui ligi. Mpaka siku hiyo tulikuwa tumeshindwa kufikisha tisa mara mbili, na kanuni ilisema ya tatu mnafutwa.

Mambo yakawa ya ajabu tangu mwanzo. Kila binti yangu aliposema "nenda", mpira ulikuwa umeshamtangulia mkimbiaji. Aliposema "bado", wapinzani walitulia kabisa, wala hawakujisumbua kumwangalia mtu wetu. Watano wakatoka hivyo. Kocha alidhani tuna mkosi. Mimi nikadhani binti anachelewa kusema, na karibu nimwambie.

Zamu yangu ya kupiga ikafika. Mrushaji wao akarusha, nikakwepa. Akarusha tena, nikakwepa, na watu wakacheka. Lakini kumbe kanuni inasema mrushaji akirusha mipira minne mibaya, ambayo haipigiki, mpigaji anapewa steji ya kwanza ya bure, na huyu kijana kukwepa kwangu kulimchanganya akili kabisa. Nikapewa ya bure. Mwenzangu akapiga, nikasogea ya pili. Mwingine akapiga, nikafika ya tatu nikihema, na hapo alikuwepo binti yangu.

Kando yetu, hatua mbili tu, alisimama mlinzi wao wa kituo cha tatu. Binti akaniinamia sikioni.

"Mama," akasema, "yule babu anasikia Kiswahili. Yule wa daftari. Nikisema bado, kimbia."

Nikatazama. Kwenye benchi la Neasden alikaa mzee wa Kihindi, sweta mabegani ingawa jua lilikuwa kali, daftari la alama mapajani. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wetu, anasikiliza. Lakini si yeye aliyenishtua. Binti yangu alikuwa ameniambia sentensi tatu za Kiswahili. Kwa Kiingereza mlinzi angesikia, na kwa sauti mzee angesikia, kwa hiyo alininong'oneza lugha ya mama yangu kwa sababu ndiyo pekee iliyobaki ya kusema nayo. Sikuwa na muda wa kulia.

Mrushaji akarusha. Mdakaji wao, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, akaukosa mpira, ukabiringika nyuma yake.

"Bado!" binti akapiga kelele.

Yule mzee akawaambia kitu vijana wake, na mdakaji akaufuata mpira kwa hatua za mtu anayekwenda dukani. Na mimi, mwalimu wa Kiswahili wa dunia nzima, nilisikia bado nikasimama. Mguu ulikataa. Miaka arobaini na tisa neno hilo limenisimamisha!

"Mama, BADO!"

Nikakimbia. Nilikimbia na matiti, na magoti, na kila nilicho nacho. Mdakaji akashtuka, akachupa kuuokota mpira. Mpira ukanijia usawa wa bega, nami kwa mara nyingine nikafanya ninachokijua: nikaukwepa, nikaanguka kifudifudi, mkono wangu ukagusa nyumbani.

Tulifungwa mechi ile, tena vibaya. Alama yangu ilikuwa moja kati ya tatu tulizopata. Lakini wenzangu walinibeba kama mshindi, na mzee wa daftari alikuja taratibu akinyoosha kidole.

"Nyie mmenidanganya," akasema, Kiswahili safi, cha zamani, cha Mwanza alikozaliwa kabla baba yake hajawahamishia huku. "Mimi nimeanza kusikia 'bado' nikafurahi, nikasema leo nitakuwa na kazi. Na wewe, mama, umecheza rede wewe. Usinikatalie. Dada zangu walikuwa wanacheza nyuma ya duka." Kisha akamgeukia binti. "Umejifunzia wapi Kiswahili?"

Nilifungua kinywa nijibu. Nikakifunga.

"Hapa," binti akasema, na akaonyesha steji ya tatu.

Wiki tatu baadaye tulifika sita. Wawili walikuwa kwenye zamu ambayo haikubadilishika, mmoja alihamia Manchester, na wengine wakachelewa treni, au ndivyo walivyosema. Barua ya ligi ilikuja kwa adabu nzuri sana, ikatushukuru kwa kushiriki, kisha ikatutoa. Kocha aliisoma kwa sauti bustanini, tumeketi kwenye nyasi na chai ya chupa na vitumbua nilivyopika. Nilidhani atavunjika moyo. Alikunja barua akaitia mfukoni, akauliza nani ana namba ya yule mzee wa Neasden, maana atatufaa mwakani kama tutapata wengine wawili. Marungu akayarudisha garini kwake, na mpaka leo yako huko.

Jumapili iliyofuata hapakuwa na mechi. Simu ikalia saa nne asubuhi, ni mama. Nikaongea naye habari za presha na mvua, na binti alikuwa anapita na taulo begani. Nikajua anakwenda kuoga. Akasimama. Akaweka taulo kwenye kiti, akanyoosha mkono.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

"Bado, Bibi."

Kwenye kioo cha simu nilimwona mama ameinua kichwa. Akausogeza uso wake hadi likabaki jicho na nusu ya pua.

"Umeoga?"

"Bado. Ninaenda sasa."

"Ehee! Ukishaoga ule, usikae na njaa." Nilisikia jogoo wake nyuma. Halafu akauliza alichokuwa ananiuliza mimi mwaka mzima, na sauti yake haikuwa ya utani. "Mjukuu wangu, umenisahau?"

Binti akatabasamu, ana uhakika wake wote.

"Bado, Bibi."

Nilisimama. Mkono wangu ulikuwa umeshafika nusu ya njia kuichukua ile simu. Bado! Yaani hajamsahau lakini atamsahau, yuko njiani, apewe muda tu. Nilikuwa na sahihisho limekaa ulimini, na ombi la radhi kwa mama, na maelezo. Nikaurudisha mkono, nikaushika kwa mkono mwingine.

Kisha mama yangu akaangua kicheko ambacho sijakisikia tangu baba afariki, kicheko cha kushika mbavu, simu ikaanguka tukabaki tunaangalia paa la bati huku yeye akicheka pembeni. "Bado!" tulimsikia akimwambia mtu uani. "Njoo usikie, ananiambia bado! Mwee! Basi siku ikifika uniambie mapema, mjukuu wangu, nijiandae!"

Binti akanigeukia, mashavu yamemwiva.

"Mama, nimekosea?"

"Bado," nikamwambia. "Endelea."